Dakota ya Ziwa Kivu

Mto Ruzizi huanza safari yake Bukavu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, na kuimalizia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Kati ya ziwa la juu na la chini maji yake huporomoka karibu meta 700. Mimi niliufuata kwa kuupanda, kiangazi cha 2023, nikiwa nimepakata sanduku la karatasi ngumu lenye ndege ya Dakota ndani yake: nusu mbili za bodi, mabawa, injini mbili za silinda 14 kila moja, mapangaboi, matairi, na kifuko cha madirisha angavu. Vyote vilikuwa bado vimeshikamana na fremu zake za plastiki ya kijivu. Ikiungwa, ndege hiyo ina sentimeta 40 toka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, maana kiwanda kimeipunguza mara 72. Nilikuwa naipeleka Bukavu nikaifanye ndege ambayo haijawahi kuonekana juu ya ziwa lolote la Afrika.

Wapo wanaounga ndege za plastiki kwa kufuata karatasi ya maelekezo mpaka msumari wa mwisho, na kazi yao naiheshimu. Mimi navutwa na swali la ingekuwaje. Ingekuwaje kama ndege hii ingepewa kazi nyingine, mahali pengine, na watu wenye shida nyingine? Sharti langu ni moja, na si jepesi: kila panapokatwa pawe na sababu. Ukirefusha bawa, sema ni kwa mzigo gani na kwa hewa ya wapi. Ukibadili injini, sema imetoka stoo gani na mwaka gani. Pasipo hayo hujabuni ndege, umeharibu plastiki.

Nimezaliwa Kigoma, na sisi Kigoma ndege za kwanza tulizozijua zilitua majini. Mwaka 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wabelgiji walileta Ziwa Tanganyika ndege nne za Short 827, zenye maboya badala ya matairi, walizopewa na jeshi la majini la Uingereza. Zilikuja ndani ya masanduku, kwa meli, kwa reli na kwa mto, zikaungwa kando ya ziwa upande wa Kongo. Mawimbi ya ziwa letu hayana huruma kwa boya, kwa hiyo kambi yao wakaiweka kwenye maji tulivu ya Tongwe. Juni mwaka huo wakavuka na kuipiga mabomu bandari ya Kigoma, wakiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mmoja wa marubani wa ndege hizo, Aimé Behaeghe, alifariki huko huko Kongo kabla mwaka haujaisha. Meli nayo Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokuwa wakiondoka; ikaja kuibuliwa, na tangu 1927 ndiyo MV Liemba yetu.

Nimekua nikiisikia habari hiyo, na kila mara nikajiuliza kwa nini ndege ya maboya isipande ziwa la pili, Kivu. Kutoka Bukavu hadi Goma kwa maji ni kama kilometa 100. Kwa barabara ya Kalehe na Minova ni karibu mara mbili, na mvua ikinyesha hiyo barabara si ya kuitegemea. Katikati ya ziwa kipo kisiwa cha Idjwi, chenye maelfu kwa maelfu ya watu wasio na njia nyingine ila boti. Oktoba 2024, mwaka mmoja na ushei baada ya safari yangu, boti la MV Merdi lililotoka Minova lilizama likiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, likaua makumi ya watu.

Wala Dakota ya maboya si ndoto tupu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Wamarekani waliijaribu kweli, wakaiita XC-47C, ikiwa na maboya makubwa mawili yenye matangi ya mafuta na matairi ya kukunjwa ndani yake. Iliruka, ikatua, lakini haikuenea. Nilichofanya mimi ni kuichukua pale ilipoachwa na kuipa anwani.

Toka Uvira gari hupita Sange, Luvungi na Kamanyola kwenye bonde pana lenye joto, kisha huanza kupanda milima ya Ngomo. Hapo dereva huacha kuzungumza. Barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hewa. Kwenye kizuizi kimojawapo ofisa kijana alitaka kuona kilichomo ndani ya sanduku. Nikalifungua.

“Papa, hii ni nini?”

“Ni ndege ya kuunga, mkubwa.”

“Ndeke? Inaruka?”

“Hairuki. Ni ya kutazama.”

Akachukua fremu yenye injini, akaigeuza mwangani, akahesabu silinda kwa ncha ya kucha. Alipofika 14 akairudisha taratibu, akanifungia sanduku mwenyewe. Katika nchi ambayo watu wake wameziogopa ndege kwa vita nyingi, nilitarajia maswali makali zaidi.

Baada ya Nyangezi hewa ikabadilika, baridi ikaingia madirishani, na Bukavu ikajitokeza: kwanza Panzi, kisha msongamano wa Essence, kisha mteremko hadi ziwani. Mji huu umekaa juu ya rasi tano zilizoingia majini, na moja yao, La Botte, ina umbo la kiatu cha buti kama jina lake linavyosema. Wabelgiji waliuita Costermansville. Chini kando ya maji kuna nyumba za miaka ya 1930 na 1940 zenye kona za mviringo na varanda ndefu. Juu, Kadutu, nyumba zimepandana mlimani hadi paa la mmoja ni kizingiti cha mwingine. Mwenyeji wangu, fundi seremala, ana karakana huko juu, nyuma ya soko.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa maboya, maana sandukuni hayakuwamo. Kabla ya kuchonga ilibidi kupiga hesabu. Dakota ikiwa na mzigo wa kawaida ina karibu tani 11.8. Kanuni ya ndege za maboya inataka maboya yote mawili yaweze kubeba uzito huo na asilimia 80 zaidi, ili mtu asizame kwa wimbi moja au kwa boya moja kutoboka. Hapo tunapata tani 21 na kidogo, yaani kila boya lisukume maji ya meta za ujazo 10.6. Ukipunguza mara 72 kwa urefu, mara 72 kwa upana na mara 72 kwa kina, meta hizo 10.6 zinakuwa mililita 28. Nilimwandikia seremala namba hiyo kwa chaki ukutani.

Plastiki tuliipata bila gharama. Bwawa la umeme la Ruzizi, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale mto unapotoka ziwani, limekuwa likizibwa na takataka: chupa, mifuko na ndoo zinazosombwa na mvua kutoka vilimani, zikaingia ziwani, zikavutwa na mto mpaka kwenye mitambo. Wafanyakazi huzitoa, kesho yake zinarudi, na mji unakosa umeme. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina faida ambayo waungaji wa ndege wanaifahamu: ukiipasha moto hunywea na kushika umbo la chochote kilichomo ndani yake.

Seremala alichonga boya la mti wa grevilea, lenye urefu wa sentimeta 17 na nusu, pua yake imeinuka, tumbo lake limepinda kama la mtumbwi, na katikati ya tumbo kikato. Kikato hicho ndicho roho ya boya lolote la ndege. Maji hung'ang'ania kitu laini. Ndege ikishika kasi, kikato huingiza hewa chini na kulivunja lile busu la maji, ndipo boya linajinasua. Tukakata kitako cha chupa, tukaliingiza boya la mti, tukachomeka kabari ya mbao juu yake ili plastiki isiwe na pa kulegea, tukaizungusha juu ya jiko la mkaa. Inanywea mbele ya macho yako: kwanza inatetemeka, kisha inakunjamana, kisha ghafla inakaza na kung'aa, na mistari ya nyuzi za mti inaonekana kupitia kwake. Pale kwenye kikato iligoma kushika, kwa hiyo tulijazia puti ya mafundi wa bodi za magari na kulainisha kwa msasa uliolowekwa maji. Wembe ukalipasua ganda kando, mti ukatoka, tukabaki na boya jepesi kama ganda la yai.

Likaja jaribio. Kwa bomba la sindano la mililita 10 nikalijaza maji, kijana mmoja wa karakana akihesabu kwa sauti. Boya la kwanza lilimeza 24. Mililita nne zilizopungua, ukizirudishia ukubwa wake wa kweli, ni karibu tani moja na nusu: abiria kama 20 hivi na mizigo yao mikononi. Seremala hakusema neno. Alichukua ubao mwembamba, akaugundisha tumboni mwa umbo lake, akaanza kuchonga upya.

Namna ya kuyashika maboya chini ya ndege nilijifunza jioni, ziwani. Giza linapokaribia, wavuvi wa sambaza hutoka wakipiga makasia na kuimba. Vyombo vyao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba kwa miti mirefu ya mikaratusi, na miti mingine inatokeza mbele na nyuma kushikilia wavu. Nilisimama karibu nao walipokuwa wakikaza kamba. Miti haikupita juu ya mitumbwi kwa unyoofu. Ilikuwa inakutana kwa pembetatu, ili mtumbwi mmoja ukiinuliwa na wimbi, nguvu igawanywe kwa wenzake na pasivunjike kitu. Sambaza wenyewe ni samaki wa kwetu, waliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950 wakapandikizwa huku, wakaota kana kwamba ziwa liliwangoja. Usiku ule nilichora upya nguzo zote za maboya, kwa pembetatu, na kesho yake nikazitengeneza kwa vijiti vya fremu vilivyobaki.

Mtu aliyenisaidia kuliko wote ni muzee mmoja, fundi wa injini aliyezeeka akizihudumia ndege za mizigo Kavumu, uwanja ulio kama kilometa 30 kaskazini mwa mji. Kutoka Kavumu ndege ndogo zilikuwa zikienda Shabunda na kwingineko ambako barabara imekufa. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya kwetu, akacheka, “Jambo sana, jambo sana,” akavuta kiti. Aliishika Dakota kwa kiganja chake chote chini ya tumbo, kama mtu anayepima uzito wa kuku sokoni, akainua hadi usawa wa jicho.

“Maji itapiga elisi,” akasema, yaani mapangaboi.

Alikuwa sahihi. Boya likikata maji kwa kasi hurusha manyunyu na matone kando, na tone linalokutana na pangaboi linalozunguka kwa nguvu zote hugonga kama changarawe. Baada ya majuma kadhaa ncha za chuma zinatafunika. Tukakubaliana kuyasogeza maboya mbele kidogo, na kubandika utepe mwembamba kwenye kingo zake ili maji yarudishwe chini. Utepe huo niliukata kwenye kadi ya simu. Kisha akauliza swali ambalo sikulipata katika kitabu chochote: “Na tutaitengenezea wapi?” Ndege ikiwa ya majini tu, injini ikifa itabidi gereji iletwe ufukweni. Ndiyo maana maboya ya Bukavu yana matairi, kama yale ya XC-47C: inatua ziwani ikiwa na kazi, inatua Kavumu ikiwa mgonjwa. Nikakata matairi ya sandukuni nusu kwa nusu na kuyapachika tumboni mwa maboya.

Urefu wa mahali nao ulidai haki yake. Kivu iko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Bawa lazima lipite kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na hiyo kasi ya ziada inabidi itafutwe wakati maji bado yanaivuta ndege nyuma. Injini za kawaida za Dakota, Pratt & Whitney R-1830, hutoa nguvu farasi 1,200. Lakini Sabena, shirika la ndege la Wabelgiji, lilikuwa na ndege za DC-4, zenye injini za ukoo huo huo, R-2000, za nguvu farasi 1,450, na kiwanda cha Douglas, kilichounda Dakota, kiliwahi kuzifunga kwenye Dakota iliyoboreshwa mwaka 1949. Kwa hiyo stoo ninayo, na mwaka ninao. Umbo lake kwa nje halitofautiani sana. Nilipanua kidogo vifuniko vya injini kwa tabaka za rangi, nikaongeza mirija ya kuvutia hewa kwa vipande vya kalamu. Chini ya mkia nikabandika pezi, maana maboya mawili makubwa mbele huifanya ndege itake kugeuka kama jogoo wa kuonyesha upepo.

Siku moja nilishuka peke yangu hadi Uwanja wa Mulamba. Agosti 1964 waasi wa Simba walipoufikia mji huu, Kanali Léonard Mulamba aliwarudisha nyuma, na angani alisaidiwa na ndege za T-28. T-28 ilizaliwa kuwa ndege ya kufundishia marubani. Ilifungwa bunduki na mabomu ikawa kitu kingine. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme wakaushika mji kwa miezi kadhaa, na ndege za kijeshi zikarudi. Nilisimama pale nikazipanga: Short 827 ya 1916, T-28 ya 1964. Ndege zilizoundwa au kubadilishwa kwa kazi maalumu zimefika kweli kwenye maziwa yetu, na fedha zilipatikana, na mafundi walipatikana, na masanduku yalivushwa mito na misitu. Zilifika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupigwa. Iliyokosekana ni ile ya kubeba kahawa, sambaza na mgonjwa. Haikukosekana kwa sababu haiwezekani. Nimeipigia hesabu, inawezekana. Hicho ndicho ninachotaka kionekane kwenye meza, kikiwa na sentimeta 40, ili mtu yeyote aweze kukizunguka na kukikagua.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoichukua Kavumu na kisha mji wenyewe, nayaandika haya kwa uzito mwingine. Lakini hoja haijabadilika.

Mjadala mkali kuliko wote ulihusu rangi. Nilikuwa nimepanga mwaka 1958, Dakota ya Sabena, na herufi za usajili za Kongo ya Wabelgiji zinazoanza na OO-C. Vijana wa karakana walikataa katakata. Kama ndege ni ya kubuni, alisema mmoja wao, mwanafunzi wa ufundi mwenye vidole vyenye gundi hadi kwenye kucha, kwa nini tujibunie Mbelgiji? Mwingine akaongeza, “Tunataka 9Q,” yaani usajili wa Kongo huru. Nilijitetea kwa habari za stoo na injini. Muzee akawaunga mkono wao: mafundi waliozishika Dakota baada ya uhuru walikuwa Wakongo, na Air Congo ilianza 1961 na ndege zile zile. Nilitazama hesabu zangu zote nikaona hakuna hata moja inayovunjika kwa kusogeza mwaka mbele. Ikawa 1963, Air Congo, 9Q.

Namkumbuka Bodys Isek Kingelez, fundi wa Kinshasa aliyejenga miji mizima ya kubuni kwa karatasi, kadi na plastiki, ukiwamo Ville Fantôme wa 1996. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilimwandalia maonyesho makubwa. Miji yake haikuomba ruhusa kwa historia. Vijana wale wa Kadutu walikuwa upande wake bila kumtaja.

Bodi tulikuwa tumeshaiunga, puti imekauka, msasa umepita, alipoingia dada yake seremala, muuguzi, aliyezaliwa Idjwi. Aliizunguka meza mara mbili. Akauliza mzigo utakaa wapi, nikamwonyesha. Akauliza watu watakaa wapi, nikamwonyesha. Akauliza mgonjwa atalala wapi.

“Mama wa Idjwi akishikwa na uchungu, anangoja boti,” akasema. “Munaweka magunia ya kahawa, vitanda hamuna.”

Dakota zilibeba machela vitani, yakipangwa ngazi kwa ngazi ubavuni. Machela ya meta 1.9 kwa kipimo chetu ni milimita 26. Kitambaa chake kinaweza kuwa karatasi ya kifuko cha chai, miguu yake waya wa kebo ya simu uliochunwa. Tatizo lilikuwa mlango: mlango mkubwa wa mizigo, upande wa kushoto nyuma, kiwanda kiliuchora tu juu ya plastiki, haufunguki, na ndani ya bodi iliyokwisha fungwa hakuna mkono unaoingia.

Seremala alinitazama. Muzee akasogeza taa. Nikafungua wembe mpya, nikauweka kwenye mstari wa mlango, na yule mwanafunzi akaishika bodi kwa mikono miwili isiteleze.